Moto wa plagi na nguvu ya lori: kipi kinaongezeka na kipi hakiongezeki

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta. Kwetu Nyanda za Juu Kusini tangazo hilo huja na nyongeza yake, kwa sababu lita ya petroli inayouzwa Mbeya au Tunduma imesafirishwa kutoka bandarini na gharama ya safari imo ndani ya bei. Siku hiyo simu za kipindi chetu cha mchana hazipumziki. Katikati ya malalamiko ya nauli na bei ya viazi kuna swali ambalo sasa limekuwa la kawaida: je, ni kweli kwamba ukibadilisha mfumo wa moto wa gari, ukaweka plagi za iridium, koili kali na waya nene za silikoni, gari linapata nguvu mlimani na kupunguza ulaji wa mafuta?

Wanaouliza si watu wa kujifurahisha na magari. Ni wenye Kirikuu za kubebea ndizi kutoka Tukuyu, wenye pikapu za kupeleka pembejeo vijijini, na mara moja moja mwenye lori la tani nyingi anayepanda Kitonga kila wiki. Seti inayouzwa huwa na plagi, koili ya rangi nyekundu au ya bluu, waya, na wakati mwingine kikasha kidogo kinachofungwa kwenye betri na kusemwa kwamba "kinanenepesha cheche". Kwa mtu anayepata riziki kwa safari mbili au tatu kwa siku, bei ya seti hiyo inaweza kuwa marejesho ya mkopo ya mwezi mzima.

Hewani tulijibu kwa ufupi kwamba inategemea gari lako linachoma nini na lilikuwa na ubovu gani. Hapa tuna nafasi ya kueleza.

Lori la hapa na lori la kwenye video

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Video nyingi zinazosifia vifaa hivi zinatoka Marekani, na huko neno linalotafsiriwa kuwa "lori" hujumuisha pikapu. Pikapu ya Mmarekani mara nyingi ni ya petroli, ina silinda nane, na ya miaka ya zamani ilikuwa na distribyuta yenye pointi. Kijana wa Mbeya akiangalia video hiyo, mtafsiri wa simu akamwandikia "lori", anafikiria Scania au Howo ya barabara ya TANZAM.

Scania hiyo haina plagi. Malori makubwa yanayopita hapa kwenda Tunduma ni ya dizeli, isipokuwa machache ya gesi tutakayoyafikia baadaye, na dizeli haiwashwi kwa cheche. Injini iliyotengenezwa na Mjerumani Rudolf Diesel na kupimwa hadharani 1897 ilikusudia jambo hilohilo: hewa peke yake inabanwa ndani ya silinda hadi kubaki sehemu moja ya 16 au ya 18 ya ujazo wake, na kwa kubanwa hivyo inapata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli inaponyunyiza dizeli ndani ya hewa hiyo, mafuta yanawaka yenyewe. Hakuna koili, hakuna waya za plagi, hakuna cha kunenepesha.

Baadhi ya magari madogo ya dizeli yana hita plagi, na jina hilo ndilo linalowaponza watu. Hita plagi hupasha chemba joto asubuhi ya baridi ili injini iwake. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya ikiharibika utaijua. Lakini injini ikishawaka na kupata moto, kazi yake imekwisha, na kununua ya bei kubwa hakuwezi kukuongezea nguvu ya kupanda mlima.

Kwa hiyo mwenye lori la dizeli anayeuziwa "seti ya moto" ana swali moja tu la kumuuliza muuzaji: unaifunga wapi? Lori la dizeli linalopoteza nguvu litafutiwe tatizo kwenye nozeli, pampu, kichujio cha hewa, turbo na kompresheni. Huko ndiko moto wake ulipo.

Kinachobaki ni magari ya petroli. Kwa mkoa wetu, gari la mizigo la petroli lenye watu wengi nyuma yake ni Kirikuu.

Cheche inafanya kazi gani

Kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake, ilizaliwa chini ya sheria ya Japani ya magari madogo. Tangu 1990 sheria hiyo inataka injini isizidi sentimita za ujazo 660, na mzigo wa pikapu ya aina hiyo usizidi kilo 350. Tunajua tunavyozipakia hapa, tusitazamane. Injini zake nyingi zilizoko barabarani kwetu ni za silinda tatu: F6A za zamani, nyingine zikiwa na kabureta na distribyuta, na K6A zilizofuata ambazo zina injekta na kontrol boksi.

Ndani ya injini hizi betri ya volti 12 inapeleka umeme kwenye koili, na koili inaupandisha hadi volti elfu kumi, elfu ishirini au zaidi. Umeme huo unaruka kwenye mwanya wa plagi, ambao kwa kawaida ni kati ya milimita 0.7 na 1.1. Mruko huo ndio cheche. Cheche inawasha mchanganyiko wa hewa na petroli ulio karibu nayo, kisha moto unasambaa wenyewe hadi ukutani mwa silinda na kuisukuma pistoni.

Sehemu ya mwisho ndiyo wauzaji wengi wanairuka. Cheche inaanzisha moto tu, haiusukumi. Kuni kavu ukiziwasha kwa njiti moja au kwa mwenge mzima, zikishashika zinatoa joto lilelile, kwa sababu joto limo ndani ya kuni. Kwenye injini, nguvu imo ndani ya petroli na hewa iliyoingia kwenye silinda. Ili kuwasha mchanganyiko mzuri wa petroli na hewa ukiwa umetulia, kinachohitajika ni chini ya theluthi moja ya milijuli moja. Mfumo wa kawaida wa kiwandani unatoa milijuli 30 na kuendelea, nyingine zinafikia 100. Wahandisi wameacha akiba hiyo kubwa makusudi, kwa ajili ya siku ya baridi, plagi iliyochakaa, na mafuta yasiyochanganyika vizuri. Kuongeza akiba juu ya akiba hakuongezi hata tone la petroli kwenye silinda.

Ndiyo maana injini nzima, yenye plagi sahihi na koili nzima, ikifungwa seti ya gharama, mabadiliko ya nguvu huwa madogo kiasi cha kupotea ndani ya kosa la kipimo chenyewe. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limepima tangu miaka ya 1970 zaidi ya vifaa 100 vilivyodaiwa kupunguza ulaji wa mafuta, vikiwemo vya mfumo wa moto. Ni vichache sana vilivyoonyesha nafuu yoyote, na hiyo nafuu ilikuwa ndogo. Vingine viliharibu injini au kuongeza moshi.

Mbona basi watu wanaapa kwamba gari limefufuka?

Hapa tunataka kuwa waangalifu, kwa sababu wasikilizaji wanaotupigia kusema gari lao limebadilika hawasemi uongo. Mmoja anayebeba viazi kutoka Uporoto alitueleza hewani kwamba baada ya kufunga seti mpya alipanda kilima kwa gia ya tatu ambako siku zote alishuka ya pili. Tulipomuuliza plagi za zamani zilikuwa na muda gani, akacheka. Alinunua gari miaka minne iliyopita na hakuwahi kuzifungua.

Fikiria injini ya silinda tatu ambayo silinda moja inamisi. Theluthi ya nguvu imeondoka, na si hivyo tu: pistoni isiyofanya kazi inavutwa na zile mbili zilizobaki kama mgonjwa anayebebwa. Petroli ya silinda hiyo inapita bila kuungua hadi kwenye ekzosi. Dereva anakanyaga mafuta zaidi kufidia. Siku plagi mpya zinapofungwa, silinda ya tatu inarudi kazini na gari linaruka. Mwenye gari anasifu iridium, lakini plagi za kawaida za nikeli, mpya na za namba sahihi, zingempa nguvu ileile kwa sehemu ndogo ya bei.

Huko ni kutengeneza kilichoharibika, na muuzaji anapenda kukuita kuboresha. Plagi ya nikeli inachakaa: kona zake kali zinalika, mwanya unapanuka, na mwanya ukipanuka koili inalazimika kutoa volti kubwa zaidi ili cheche iruke. Waya za zamani zikipasuka, umeme unavuja kwenda kwenye bodi ya injini; ukifungua boneti usiku kwenye giza unaweza kuona vicheche vya bluu vikitembea juu ya waya. Koili nayo inachoka kwa joto. Ukifunga vyote vipya kwa pamoja hutajua kamwe ni kipi kilikuwa kibovu, na huenda umelipa mara tano ya ulichohitaji.

Hata sifa yenyewe ya mifumo hii huko Marekani ina asili yake ya kweli. Hadi katikati ya miaka ya 1970 magari mengi yalitumia pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyofungua na kufunga umeme wa koili. Vililika, viliungua, na taimingi ilihama navyo. Aliyetoa pointi na kufunga mfumo wa kielektroniki aliona tofauti ya kweli, hasa baada ya miezi kadhaa, kwa sababu mfumo mpya haukuchakaa. Kama una Land Rover ya zamani au pikapu yenye pointi, badiliko hilo bado lina maana hadi leo. Lakini sifa za wakati huo zimehamishiwa kwenye magari ambayo tayari yalitoka kiwandani yakiwa na mfumo wa kielektroniki.

Iridium yenyewe si utapeli, tulisemee hilo. Ni metali ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 2,446, wakati nikeli inayeyuka kwenye 1,455. Ugumu huo unawawezesha watengenezaji kuchonga ncha nyembamba, hadi milimita 0.4, na ncha nyembamba inarusha cheche kwa volti ndogo zaidi. Faida yake kubwa ni kudumu na kuwasha gari kwa urahisi asubuhi. Kama kiwanda kimeagiza iridium kwenye gari lako, usirudi kwenye nikeli kwa kubana matumizi. Kama kiwanda kimeagiza nikeli, iridium itakupunguzia safari za gereji. Nguvu usiitegemee.

Mbeya haikosi moto, inakosa hewa

Kuna jambo ambalo hatujasikia muuzaji yeyote akilisema, na kwa wakazi wa huku ndilo kubwa kuliko yote. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15 hadi 18. Injini isiyo na turbo inavuta ujazo uleule wa hewa kila mzunguko, lakini ndani ya ujazo huo kuna oksijeni pungufu, na nguvu inapungua kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Kirikuu ambayo Dar ina nguvu za farasi 48, Uyole inabaki na kama 40, hata kama iko mpya kabisa.

Dereva aliyenunua gari Dar, akalileta mwenyewe, anaona limechoka mara tu anapofika juu. Anaambiwa moto ni mdogo. Ukweli ni kinyume: kwenye hewa nyepesi cheche inaruka kwa urahisi zaidi kuliko pwani, kwa sababu msongo ndani ya silinda ni mdogo. Kati ya vitu vyote vinavyoweza kupungua Mbeya, moto wa plagi ndio wa mwisho. Lori la dizeli lenye turbo linateseka kidogo, maana turbo inajazia hewa inayokosekana, na ndiyo sababu mwenye Kirikuu anapitwa mlimani na lori lililobeba makontena na kudhani gari lake ni bovu.

Kwa Kirikuu za kabureta kuna tatizo la pili. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya chini inaendelea kumimina petroli kwa kipimo kilekile wakati hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinatoka nyeusi zimejaa masizi, injini inamisi. Fundi anasema plagi ni dhaifu, weka kali. Mteja anaweka kali, nazo baada ya wiki chache zinakuwa nyeusi vilevile. Dawa ilikuwa kurekebisha kabureta. Plagi nyeusi inakupa taarifa, na kubadilisha plagi bila kusoma taarifa hiyo ni sawa na kutupa barua kabla ya kuifungua. Masizi yanaweza pia kutoka kwenye oili inayopanda kupitia ringi zilizochoka, au kwenye petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, mchezo ambao vinasaba vilivyoanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 vilikusudia kuukomesha.

Na kuna nguvu ya bure ambayo watu hawaichukui. Cheche lazima iruke kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili moto upate muda wa kusambaa. Hiyo ndiyo taimingi. Kwenye hewa nyepesi moto unasambaa polepole na hatari ya injini kugonga inapungua, kwa hiyo injini ya distribyuta inaweza kustahimili kuwahishwa kidogo na kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Fundi mwenye taa ya taimingi anaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Tahadhari ni moja: gari hilohilo likiteremka na mzigo hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa ambako kimo hakifiki hata theluthi moja ya cha Mbeya, hewa inakuwa nzito tena na injini iliyowahishwa mno itagonga. Kugonga kunatoboa pistoni. Wanaorekebisha kwa sikio, bila taa, na gari linashuka Kyela kila wiki, wanacheza na injini ya mtu. Kwenye K6A na injini nyingine zenye kontrol boksi, kompyuta yenyewe ndiyo inayopanga taimingi, na hakuna plagi wala koili ya rangi yoyote inayoweza kuibadilisha.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kupigia hesabu tu. Kirikuu inakunywa lita 8 kwa siku na inafanya kazi siku 26 kwa mwezi: ni lita 208. Tuweke lita moja shilingi 3,000, mwezi unakula shilingi 624,000. Seti ya moto tuseme ni 250,000. Tuwe wakarimu, tukubali kwamba kwenye gari zima inaokoa asilimia 2. Hiyo ni shilingi 12,480 kwa mwezi, na itachukua miezi 20 fedha yako kurudi. Kabla ya miezi hiyo 20 kwisha, tairi mbili zisizo na upepo wa kutosha zimeshakula akiba yote hiyo.

Sasa chukua gari linalomisi. Plagi tatu za kawaida, waya kama zimepasuka, na saa moja ya fundi. Fedha hiyo inaweza kurudi ndani ya wiki, kwa sababu hapo kulikuwa na theluthi ya injini iliyolala.

Hatusemi fundi au muuzaji ni mwizi. Wengi wanaamini wanachouza, wameona magari yakifufuka mbele ya macho yao kwa sababu tuliyoeleza. Kibaya zaidi ni plagi bandia. Majina makubwa ya plagi yanaigwa duniani kote, boksi likafanana hadi herufi ya mwisho, na plagi bandia yenye maandishi ya iridium inaweza kuwa nikeli iliyochongwa nyembamba. Nikeli nyembamba inayeyuka haraka, na kipande kikianguka ndani ya silinda hasara yake si ya plagi tena. Bei ikiwa chini mno kwa kitu kinachoitwa iridium, amini bei.

Mahali ambapo moto mkali una kazi: gesi

Kuna kundi moja ambalo swali hili kwao lina jibu tofauti kabisa, na linakua. Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilikamilika 2015. Bajaji, teksi na magari ya mizigo Dar yanafungwa mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, ile inayoitwa CNG, na kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara kimekuwa kikiendesha malori kwa gesi hiyo. Vituo bado vimejikita zaidi Dar, Pwani na kusini. Lakini magari yanahama: Kirikuu yenye mtungi iliyouzwa Dar inaweza kufika huku, ikarudi kwenye petroli na kufunguliwa na fundi ambaye hajawahi kuiona.

Gesi asilia ni ngumu kuwasha kwa cheche kuliko petroli. Petroli huwaka yenyewe kwenye joto lisilofika nyuzi 300, gesi hii inahitaji karibu 540. Moto wake unasambaa polepole, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka ndani yake. Koili iliyokuwa inatosha kwa petroli na plagi iliyochakaa kidogo, ambazo kwenye petroli zisingelalamika, kwenye gesi zinaanza kumisi. Watu hulaumu gesi. Hapo ndipo plagi mpya zenye ncha nyembamba, mwanya uliopunguzwa kidogo kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, waya nzima na koili yenye afya vinapokuwa sehemu ya matengenezo ya lazima. Taimingi nayo inahitaji kuwahishwa gari likiwa kwenye gesi na kurudishwa likiwa kwenye petroli, kazi inayofanywa na kifaa maalumu cha kielektroniki. Ukifungiwa mtungi bila mtu kugusa plagi wala taimingi, umefungiwa nusu ya kazi.

Hata hivyo, gari la petroli lililobadilishwa kwenda gesi hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda. Moto mzuri unazuia hasara isizidi hapo. Ukiongeza hasara hiyo kwenye ile ya kimo cha Mbeya, mwenye kufikiria CNG kwa Kirikuu ya milimani apige hesabu ya mzigo wake mapema.

Kuhusu malori makubwa ya gesi, yapo ya aina mbili. Yaliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gesi, kama injini za gesi za Scania, yana plagi na koili kama Kirikuu, ila kubwa na za gharama, na plagi zake hubadilishwa kwa ratiba kali. Yale ya dizeli yaliyoongezewa gesi yanaendelea kunyunyiza dizeli kidogo, na dizeli hiyo ndiyo njiti ya kiberiti. Hayo ya pili hayana plagi, na ile seti nyekundu hayaihitaji.

Kabla hujalipa

Kama bado unataka kujaribu, pima. Jaza tanki hadi juu, nenda Tukuyu na urudi na mzigo uleule, jaza tena kwenye pampu ileile, andika lita. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu safari moja inadanganywa na mvua, foleni ya Uyole na mguu wa dereva. Kwanza funga plagi mpya za kawaida za namba ya kiwanda na upime nazo, halafu ndipo ufunge seti na upime mara tatu nyingine. Usipoanza na plagi mpya za kawaida, utakuwa unalinganisha kitu kipya na kitu kibovu.

Muuzaji aandike ahadi yake kwenye karatasi: asilimia ngapi ya mafuta, kwenye gari gani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kibiashara, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya aina hiyo pamoja na ya bidhaa bandia. Ila malalamiko bila risiti ya mashine hayana miguu. Chukua risiti, weka na boksi la plagi, na zile plagi za zamani fundi asizitupe hadi umeziona zilikuwa na rangi gani.